Kubadilisha prosesa ya kompyuta ya mezani

Kubadilisha prosesa ni kazi ya kuondoa prosesa (pia: bongo kuu) ya kompyuta na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi bila kununua kompyuta mpya. Prosesa ndiyo sehemu inayotekeleza maagizo ya programu. Kazi hii inawezekana kwenye kompyuta nyingi za mezani kwa sababu prosesa zake hukaa ndani ya soketi inayofunguka. Kwenye kompyuta nyingi za mapajani za siku hizi prosesa imeunganishwa na ubao mama kwa lehemu, hivyo haibadilishwi kwa njia ya kawaida.

Soketi na ubao mama

Soketi ni kitako chenye miguso ya umeme kinachopokea prosesa. Prosesa isiyolingana na soketi haiwezi kutumika. Lakini kulingana kwa umbo pekee hakutoshi. Soketi LGA 775 ya Intel, yenye miguso 775, ilianza mwaka 2004 na kupokea Pentium 4, kisha Core 2 Duo (2006) na Core 2 Quad (2007). Hata hivyo, ubao mama wa mwaka 2004 wenye soketi hiyo hauwezi kuendesha Core 2 Quad.

Mfano mwingine ni LGA 1151. Bao za kwanza za soketi hiyo zilitengenezwa kwa prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. Mwishoni mwa mwaka 2017 kilitoka kizazi cha 8 chenye idadi ileile ya miguso, lakini kilihitaji ubao mama mpya. Mnunuzi anayetazama jina la soketi tu anaweza kupoteza fedha zake.

Soketi AM4 ya AMD, iliyoanza mwaka 2016, ilidumu zaidi. Bao nyingi zilizotoka pamoja na Ryzen za kwanza mwaka 2017 ziliweza baadaye kupokea Ryzen 5000, baada ya kusasisha BIOS. Kwa hiyo orodha ya prosesa zinazokubaliwa, inayotolewa na mtengenezaji wa ubao mama, husomwa kabla ya kununua.

Umeme na joto

Core 2 Duo E6300 imekadiriwa kwa wati 65, ilhali Core 2 Quad Q6600 ni wati 95 au 105 kufuatana na toleo. Kwa sababu hiyo, feni ya zamani huenda isitoshe. Prosesa ikipata joto mno hupunguza kasi yake yenyewe, au kompyuta huzimika.

Hatua za kazi

1. BIOS husasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake.
2. Kompyuta huzimwa na waya wa umeme huchomolewa. Fundi hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.
3. Feni na kipoza joto huondolewa taratibu. Kwenye AM4 hukizungusha kidogo kwanza, kwa kuwa kikivutwa ghafla kinaweza kung'oa prosesa na kupinda pini zake.
4. Pesti ya zamani ya kupitisha joto hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti.
5. Mkono wa soketi huinuliwa na prosesa mpya huwekwa kwa kufuata alama ya pembetatu kwenye kona. Haisukumwi kwa nguvu.
6. Pesti mpya hupakwa, kiasi cha punje ya njegere, kisha kipoza joto hufungwa na waya wa feni hurudishwa.

Faida na mipaka

Prosesa mpya husaidia kazi zenye mahesabu mengi, kama kuhariri video. Kompyuta inayochelewa kuwaka au kufungua mafaili mara nyingi hufaidika zaidi na diski ya SSD au nyongeza ya RAM.

Kuna pia suala la mfumo wa uendeshaji. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0. Mwenye ubao wa LGA 1151 wa aina ya kwanza hawezi kufikia sharti hilo kwa kubadilisha prosesa tu. Kompyuta yake bado inaweza kutumika kwa Linux.