Ulilia Ukicheki Ile Klipu ya Kumbatio? Hizi Ndizo Sheria Zinafanya Watoi wa Besiboli Warudi Nyumbani Wazima

Lazima hii klipu imewahi kupita kwa simu yako. Ni Agosti 2022, Waco, Texas. Watoi wanacheza fainali ya kanda, na atakayeshinda anaenda Kombe la Dunia la Little League. Mrushaji wa Pearland, Texas, anaachilia mpira, mpira unamponyoka na kuenda straight kwa kichwa ya mpigaji wa Tulsa, Oklahoma. Helmeti inaruka. Kijana anaanguka chini amejishika kichwa. Baadaye anainuka, anaenda besi ya kwanza, kisha anacheki mrushaji amesimama pale katikati akilia. Anamwendea na kumkumbatia.

Dunia nzima ilitoa machozi, na si vibaya. Lakini irudishe nyuma hiyo video, uangalie ile sekunde mpira unapiga helmeti. Bila hiyo plastiki hatungekuwa tunabonga kuhusu kumbatio, tungekuwa tunabonga kuhusu mochari. Na kijana hakuivaa juu mathe wake ni mwangalifu. Aliivaa juu sheria inasema hakuna helmeti, hakuna kushika gongo.

Kama hujui besiboli, fikiria rounders, ile mchezo wasichana walikuwa wanacheza shule ya msingi, alafu uongeze mpira mgumu kama jiwe. Little League ndiyo ligi kubwa zaidi ya watoi, ilianzishwa 1939 na Carl Stotz kule Williamsport, Pennsylvania. Na kama uko na binamu Dallas ama Minneapolis ameingiza watoi wake huko, hii stori ni yenu pia. Hao ndio wazazi wanapiga kelele kwa fensi na hawajui kitabu cha sheria kinasema nini.

Anza na umbali. Kwa watoi wa miaka 12, mrushaji anasimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, hiyo ni karibu mita 14. Kwa wakubwa wa MLB ni futi 60 na inchi 6, kitu mita 18 na nusu. Sasa mtoi mwenye nguvu akirusha kilomita 110 kwa saa, mpira unakufikia kabla nusu sekunde iishe. Ndani ya huo muda unafaa uamue kama utapiga, utaacha ama utahepa. Wewe hapo ulipo hata kufungua WhatsApp inakuchukua muda mrefu zaidi.

Wakubwa walijifunza hii kitu vibaya. Agosti 1920, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwa na mpira na akafa siku iliyofuata. Hadi leo ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu aliyeuawa na mpira uliorushwa. Ungefikiria helmeti zingeletwa wiki hiyo hiyo, lakini wapi. MLB ililazimisha wapigaji kuvaa helmeti 1971, na hata hapo wale wa zamani waliruhusiwa kuendelea bila. Watoi ndio walitangulia. Creighton Hale, mtaalamu wa fiziolojia aliyefanya kazi na Little League, ndiye alitengeneza helmeti ya kufunika masikio yote mawili, na watoi wakazoea kuivaa wakati baadhi ya mabuda wao wa ligi kuu bado wanacheza bila helmeti.

Siku hizi mpigaji anavaa, anayekimbia kwa besi anavaa, hata mtoi aliyesimama kando ya besi kuelekeza wenzake anavaa. Na kuna kasheria kadogo kananifurahisha: huwezi kupaka helmeti rangi upya ama kuibandika stika zako bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa aliyeitengeneza. Rangi na gundi zinaweza kudhoofisha plastiki, na stika zinaweza kuficha ufa. Sasa fikiria zile helmeti za nduthi za Nairobi zimejaa stika za Arsenal.

Haya, sasa ile sheria yenyewe, ile inakosanisha makocha na wazazi: hesabu ya mipira.

Kila timu iko na yule mtoi mmoja. Anarusha moto, hakuna anayemgusa, na kocha anajua akimtoa mechi imeenda. Zamani sheria ilihesabu raundi ambazo mtoi amerusha kwa wiki. Shida ni kwamba raundi moja inaweza kuisha kwa mipira 8, nyingine ikachukua 40, lakini kwa karatasi zote ni raundi moja. Kuanzia 2007 Little League iliachana na hiyo hesabu, ikaanza kuhesabu kila mpira. Wa miaka 7 na 8 mwisho ni mipira 50 kwa siku. Miaka 9 na 10 ni 75. Miaka 11 na 12 ni 85. Kuanzia 13 hadi 16 ni 95. Mtu wa kuhesabu anatajwa kabla mechi ianze. Nambari ikifika, mrushaji anaruhusiwa kumaliza na mpigaji aliye mbele yake, kisha anatoka. Haijalishi kama ni fainali ama kama mzazi wake ndiye amelipia jezi za timu nzima.

Alafu kuna kupumzika. Kwa walio na miaka 14 kurudi chini, ukirusha mipira 66 ama zaidi unakaa siku nne bila kurusha mechi. Ukirusha 51 hadi 65 ni siku tatu, 36 hadi 50 ni siku mbili, 21 hadi 35 ni siku moja. Ukiwa na 20 ama chini unaweza kurudi kesho. Kwa hivyo mtoi aliyepiga 70 Jumamosi hawezi kushika hiyo kazi hadi Alhamisi. Na usidhani utamficha kwa nafasi ya mdakaji, yule anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Akishafikisha mipira 41 kama mrushaji, hawezi kudaka siku hiyo, juu mdakaji naye anarudisha karibu kila mpira. Mkono ni ule ule.

Mbona ukali wote huu? Juu kiwiko cha mtoi si kiwiko cha mtu mzima kilichopunguzwa saizi. Mifupa yake bado inakua, na pale inapokulia kuna gegedu laini. Kila ukirusha kwa nguvu, upande wa ndani wa kiwiko unavutwa. Kwa mtu mzima, kinachokatika ni kano, ule uzi mgumu unashikilia mfupa kwa mfupa. Kwa mtoi, ile gegedu ndiyo dhaifu zaidi, kwa hivyo ndiyo inaachia kwanza. Haina damu, haina kelele. Mtoi anasema tu mkono unauma kidogo, kocha anamwambia apake dawa ya kuchua, na wiki ijayo anarushishwa tena.

Watafiti wa American Sports Medicine Institute kule Alabama walifuatilia warushaji 481 wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka kumi. Waliorusha zaidi ya raundi 100 kwa mwaka walikuwa na hatari mara tatu na nusu ya kuumia vibaya, na kuumia vibaya hapo ni kufanyiwa upasuaji wa kiwiko ama bega, ama kuacha besiboli kabisa. Soma hiyo tena, umri wa kuanzia ni miaka tisa.

Upasuaji wenyewe uko na jina la mtu. 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mwingine wa Tommy John, mrushaji wa Dodgers, akaipandikiza kwa kiwiko kilichoharibika. Tommy John alirudi uwanjani akacheza miaka mingi, na hapo ndipo balaa ilipoanzia, juu watu walianza kuona huo upasuaji kama kubadilisha taya ya gari. Kuna wazazi wanaamini mkono unarudi ukiwa na nguvu zaidi. Si ukweli. Unarudi baada ya mwaka mmoja hivi wa mazoezi ya kuchosha, na wengine hawarudi.

Na hapa ndipo sheria iko na shimo kubwa. Hesabu ya Little League inalinda mtoi ndani ya Little League. Wikendi kuna timu za kusafiri, zile za kulipia doo mingi, na kocha wa huko ana daftari lake. Mtoi anarusha 60 Jumatano huku, anarusha 70 Jumamosi kule, na kila daftari likiangaliwa peke yake liko safi. 2014 MLB na USA Baseball walitoa mwongozo unaitwa Pitch Smart, unaosema watoi wapumzike kurusha angalau miezi minne kila mwaka na wasichezee timu mbili kwa wakati mmoja. Lakini mwongozo si sheria. Mtu pekee anayejua mipira yote ya wiki ni mzazi, na mzazi huyo huyo ndiye anaota kusaini mkataba wa mamilioni. Mimi hapo ndipo naona shida iko, kwa ndoto ya mtu mzima. Mtoi mwenyewe ukimwachia angeenda kuendesha baiskeli.

Sheria za kukimbia ni rahisi. Kwa watoi wa miaka 12 kurudi chini, huwezi kuruka kichwa mbele ukienda besi mpya, ukifanya hivyo uko nje. Kichwa mbele inaruhusiwa ukirudi tu. Mlinzi akiwa na mpira anakungoja, unateleza kwa miguu ama unamzunguka. Kumgonga kama matatu iliyokosa breki hakuna. Besi zenyewe tangu 2008 lazima ziwe za kung'oka ukizigonga, juu ile iliyochimbiwa chini haisongi, kinachosonga ni kifundo chako. Na hakuna mtoi kusimama kando akizungusha gongo akingoja zamu, juu mwenzake akipita nyuma ni meno yanabaki pale.

Kuna kitu kingine hakizungumzwi sana: kifua. Mpira ukigonga kifua pale pale moyo ulipo, katika kipande kidogo sana cha sekunde kati ya mpigo mmoja na mwingine, moyo unaweza kupoteza mdundo na kusimama. Madaktari wanaita commotio cordis. Si lazima mpira uwe na kasi ya kutisha, na wanaopatikana wengi ni vijana wadogo juu mbavu zao bado ni laini. Mtoi anaanguka hapo hapo na watu wanadhani amekosa pumzi. Ukiona hivyo usimwagie maji. Mtu apige simu ya dharura, mwingine aanze kusukuma kifua, mwingine akimbie kuleta mashine ya kushtua moyo. Ni dakika chache tu unazo. Kwa hivyo ukienda uwanja wowote, hata wa mtaani kwenu, swali la maana kuliko bei ya jezi ni hiyo mashine iko wapi na nani anajua kuiwasha.

Hatari nyingine haitoki kwa mpira. Tangu 2003 Little League inataka kila mtu mzima wa kujitolea anayekaa karibu na watoi akaguliwe rekodi zake, na inarudiwa kila mwaka. Kocha, dereva, hata yule mzee mpole wa kupanga koni. Na Agosti hiyo hiyo ya 2022, kule Williamsport, mchezaji wa timu ya Utah alianguka usiku kutoka kitanda cha juu cha dabodeka kwa bweni akapasuka fuvu. Alinusurika, na waandaaji wakaondoa vitanda vyote vya juu. Swali ni mbona vilikuwa havina vizuizi kutoka mwanzo.

Tumalize na umri, juu hapa East Africa inaingia. 2001 kijana anaitwa Danny Almonte wa timu ya Bronx alirusha mchezo mzima bila mpigaji hata mmoja kufika besi. Dunia ikashangilia, kisha karatasi zikaonyesha ana miaka 14 badala ya 12. Timu ikafutiwa ushindi wote. Wengi waliona ni wizi wa kombe, na ni kweli, lakini rudi kwa ile mita 14. Umbali huo ulipimwa kwa mkono wa miaka 12. Ukiweka mkono wa miaka 14 hapo, anayelipa ni mtoi aliyeshika gongo upande ule mwingine.

Ndiyo maana wakaguzi wa vyeti wakawa wakali, na ukali huo ukawapata majirani zetu. 2011 timu ya Uganda ilishinda kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, lakini Marekani ikawanyima viza juu tarehe za kuzaliwa kwa karatasi hazikulingana. Saudi Arabia ikaenda badala yao. Sasa ujue kwetu huku cheti kuandikwa miaka baadaye kwa kukisia si lazima iwe ujanja, wengi wetu tuko na mjomba amezaliwa "Januari mosi". Timu ya Langley, Canada, iliyofaa kucheza nao, ilipanda ndege Januari 2012 ikawafuata Uganda. Mwaka huo huo vijana wa Lugazi wakaja na karatasi zilizonyooka, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League, na wakapiga Gresham ya Oregon 3-2.