Je, Wajua? Tiketi ya Huku, Ndege ya Kule

Boeing kubwa iliwahi kutua Kisongo

Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) ilishuka kwenye uwanja mdogo wa Arusha, kule Kisongo, wanakopandia vindege watalii waendao Serengeti. Njia ya kurukia ya Kisongo ilikuwa na mita 1,620 hivi. Ya KIA ina kama 3,600. Ni sawa na kuingiza basi la Mwanza kwenye kijiwe cha bodaboda! Ndege ilisimama salama, lakini ilipojaribu kugeuza, magurudumu yakaacha lami na kukwama kwenye majani. Kisha kikaja kituko cha pili: uwanja haukuwa na ngazi ya kufikia mlango ulio juu namna ile, basi abiria wakabaki ndani saa kadhaa, Arusha wanaiona dirishani tu. Hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye ndege hiyo ilipunguzwa uzito, ikaruka bila abiria.

Herufi mbili, bara zima

Mume na mke waliotoka Los Angeles kwenda Dakar, Senegal, walijikuta Dhaka, Bangladesh. Kwenye tiketi, Dakar huandikwa DKR na Dhaka DAC. Kati ya miji hiyo kuna zaidi ya kilomita 10,000. Walishtuka wakiwa angani tayari, baada ya kuona ramani kwenye skrini ikionyesha ndege inazidi kwenda mashariki. Nawe uendaye Dar es Salaam, herufi zako ni DAR. Zisome kwenye tiketi, halafu zisome tena kwenye kibandiko cha begi.

Sydney ya theluji

Kuna Sydney nyingine Kanada, mji mdogo katika jimbo la Nova Scotia. Mwaka 2002 vijana wawili Waingereza walifika huko wakidhani wanaelekea Australia. Mwaka 2017 ikawa zamu ya mwanafunzi wa Kiholanzi aliyefurahia nauli ya bei poa. Alipoona ndege ya kuunganishia ilivyo ndogo, moyo ukamwenda mbio. Alitua kwenye dhoruba ya theluji akiwa na koti jepesi.

Kiti chake kilikuwa na mtu, naye akapewa kingine

Hiki ndicho kisa kinachonishangaza kuliko vyote. Mwaka 2017, katika uwanja wa Newark, Marekani, mama mmoja anayezungumza Kifaransa alikuwa akisafiri kwenda Paris na United. Geti likabadilishwa dakika za mwisho, tangazo likatolewa kwa Kiingereza peke yake. Kadi yake ya kupandia ikakaguliwa, akapita. Ndani akakuta kiti chake kimekaliwa. Mhudumu akaiangalia kadi ile ile iliyoandikwa Paris, akamtafutia kiti kingine. Ndege ikatua San Francisco! Namba moja ya kiti kudaiwa na watu wawili ni dalili kubwa kuwa mmoja wao amepanda ndege isiyo yake, lakini mhudumu akalichukulia jambo dogo.

Oakland, au siyo?

Mwaka 1985 mwanafunzi mmoja akiwa Los Angeles alisikia ndege ya Oakland ikiitwa, mwendo wa saa moja na ushee tu. Kumbe ilikuwa ya Auckland, New Zealand. Alivuka Pasifiki nzima.

Ndege nzima ilipotea, rubani hakupotea

Machi 2019, abiria wa British Airways walipanda London kwenda Düsseldorf, Ujerumani. Walipotua wakasikia wakikaribishwa Edinburgh, Uskoti. Wengine walidhani ni utani. Rubani hakukosea njia hata kidogo: makaratasi ya safari aliyopewa yaliandikwa Edinburgh, naye akayafuata. Ilibidi ndege itiwe mafuta na safari ianze upya.

Mfalme wa waliopotea

Julai 17, 1938, Mmarekani Douglas Corrigan aliruka kutoka New York akisema anarudi kwao California. Baada ya saa 28 na dakika 13 alitua Ireland. Serikali ilikuwa imemkatalia ruhusa ya kuvuka Atlantiki kwa kindege chake kikuukuu, na yeye akashikilia kwamba dira ndiyo iliyomdanganya. Njiani mafuta yalivuja hadi miguuni pake. Akatoboa sakafu kwa bisibisi yatoke nje. Adhabu yake? Leseni ilifungiwa siku 14, nazo zikamalizika siku ile ile meli iliyomrudisha ilipotia nanga New York.