Namba yako ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa

KATIKA mpaka wa Kabanga na Kobero, baina ya wilaya ya Ngara nchini Tanzania na Burundi, mfanyabiashara mdogo hahitaji tena kuvuka na noti nyingi kwenye pindo la kanga. Fedha zake zimo kwenye simu, mara nyingi katika laini mbili, moja ya kila upande. Kinachozilinda ni tarakimu chache, kwa kawaida nne.

Nilizungumza na mama mmoja, muuza mafuta ya mawese, aliyeibiwa mkoba uliokuwa na simu na kitambulisho. Kabla hajafunga laini, fedha za mzigo zilikuwa zimekwishatolewa. Mwizi hakuhitaji utaalamu. Alisoma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho, akaubonyeza.

Tarakimu nne hutoa namba 10,000 tofauti, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi anayebahatisha mara tatu kabla laini haijafungwa ana nafasi ndogo sana. Lakini miaka ya kuzaliwa, tuseme kutoka 1945 hadi 2007, ni 63 tu, na wako umeandikwa kwenye kitambulisho. Ukiongeza 1234 na 0000, mara tatu hizo zinamtosha.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, kuna mtego mwingine. Mkimbizi asiyejua siku aliyozaliwa mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari. Anayechagua 0101 basi ajue kwamba wenzake wengi wana tarehe hiyo hiyo.

Tabia hii si ya mpakani pekee. Mwaka 2009 maneno ya siri milioni 32 ya wateja wa kampuni ya Marekani, RockYou, yalivuja. Lililotumiwa na wengi zaidi lilikuwa 123456, na walioliweka walizidi 290,000.

Je, utakumbukaje namba isiyo na maana? Tunga sentensi ya maneno manne, kisha hesabu herufi za kila neno. Mfano: “Nilinunua mbuzi wawili Ngara.” Herufi ni tisa, tano, sita na tano, hivyo namba ni 9565. Usichukue mfano huu kwa kuwa umechapishwa. Tunga wako, na kila laini iwe na sentensi yake. Neno likizidi herufi tisa, tafuta jingine.

Kwa neno la siri la barua pepe, urefu ndio nguvu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, kama ndimu, treni, jiwe na sufuria, uone picha yake kichwani. Jina la mtoto au la kijiji majirani wanalijua.

Jambo la mwisho ni wakala. Nimeona wateja, hasa wasiojua kusoma, wakimtajia namba ili awabonyezee, foleni nzima ikisikia. Wakala kazi yake ni kukupa fedha, si kukutunzia siri. Bonyeza mwenyewe, ukikinga simu kwa kiganja. Anayepiga simu akidai ni wa kampuni na kukuuliza namba hiyo, mkatie.

Kama namba yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo, kabla ya siku ya soko.