Je, Wajua? Mlango wa jiko huokoa mkaa

Picha ya Ndege, Kibaha, kama kwingi mkoani Pwani, bado kuna majiko mengi ya mkaa, na mkaa mwingi huteketea bure kwa sababu mlango wa chini huachwa wazi mpaka chakula kiive. Mkaa huungua kwa kadiri ya hewa inayopita hapo. Maharage yakishachemka, maji hubaki kwenye nyuzijoto 100 hivi hata moto ukikolezwa; kinachozidi ni mvuke tu. Ukiufunga mlango nusu, maharage yanaiva kwa muda uleule na makaa yanadumu. Utasema jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, linatosha. Udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni, lakini haupunguzi hewa; hiyo ni kazi ya mpishi.

Wanaohofia sumu wana haki kabisa: hewa ikipungua, makaa hutoa kaboni monoksaidi zaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Kwa hiyo mlango ufungwe nusu tu, jiko likiwa uani au barazani, na lisiingizwe chumbani usiku hata kama makaa yamefunikwa na majivu.