MAKSAI HUFUNGULIWA NIRA, DEREVA JE?

Na Bwana Shamba, Dodoma



Ukilala Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, utasikia malori usiku kucha. Yanapita saa 2, yanapita saa 6, yanapita saa 9 za usiku. Mengine yametoka bandari ya Dar es Salaam, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mengine yamekuja kuchukua mahindi katika soko letu.

Wengi wetu tunayajua malori haya kwa mlio tu. Leo tuzungumze juu ya mtu aliyeshika usukani. Siku yake ikoje? Analala wapi? Na sisi wakulima tunahusikaje na kazi yake?

Tunahusika sana. Mbolea, mbegu, chumvi na mabati huletwa kwetu na lori. Mahindi, alizeti, karanga na zabibu huondoka kwetu na lori. Lori lisipofika, mahindi hubaki ghalani na dumuzi huyala. Mdudu huyo alipoingia mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima walimpa jina la Scania. Ni jina la lori. Basi hata katika ghala la mahindi lori limo.

NJIA YA TANGU ZAMANI

Nchi yetu ya kati imekuwa njia tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilipita Ugogo, ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kabla ya kufika Ugogo ilibidi kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji mazuri. Waliovuka walifika kwenye visima vya Wagogo wakiwa hoi. Hapo walitoa hongo, wakanywa maji, wakapumzika, ndipo wakaendelea.

Baadaye ilikuja reli. Mwaka 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Lakini malori hayajapungua kazi. Leo Dodoma ni njia panda. Barabara moja inakwenda Morogoro, nyingine Singida. Mwaka 2018 zilizinduliwa barabara za lami za kwenda Iringa na za kwenda Babati kupitia Kondoa. Sasa malori huja kwetu kutoka pande zote nne.

SIKU YA DEREVA

Tumfuate dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Safari hiyo ni kilomita 1,300 hivi.

Dereva mwema huamka kabla ya jua. Kazi ya kwanza si kuwasha gari. Kwanza hulizunguka. Hugonga matairi moja moja asikie mlio wake. Hutazama oili, maji ya rejeta, breki na taa. Huhakikisha kamba na turubai vimekaza. Mkulima naye hafanyi hivyo? Kabla ya kwenda shamba hutazama mpini wa jembe, asije akafika shamba jembe likachomoka.

Halafu safari huanza. Hupita Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa. Njiani kuna mizani. Ipo Vigwaza mkoani Pwani, ipo Nala nje ya mji wa Dodoma, ipo Njuki mkoani Singida. Pote hapo lori hupimwa. Siku nyingine foleni ni fupi, siku nyingine ni ndefu.

Baada ya Bahi na Kintinku barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni. Lori lenye shehena hupanda polepole kama mtu mwenye gunia kichwani. Mbele ya Singida kuna mlima Sekenke, na hapo ni kushuka. Dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka. Injini hulishika gari, na breki hazipati moto. Dereva asiyejali hutoa gia na kuliacha gari lijiendee, eti anaokoa dizeli. Breki zikichemka hazishiki tena. Dizeli ya shilingi chache inaweza kumgharimu roho.

Chakula chake ni cha mama lishe: ugali, wali, maharage, nyama. Kitanda chake kiko nyuma ya viti, chembamba kama ubao wa kufulia. Utingo hulala chini ya tela au juu ya mzigo. Hata hapo usingizi si mzima. Wapo wezi wa dizeli, wapo wezi wa betri, wapo wanaochana turubai. Dereva hulala usingizi wa mang'amung'amu, sikio likiwa nje.

Nyumbani huenda akaonekana mara moja kwa majuma mawili au matatu. Mtoto huota meno baba hayupo. Msiba hutokea, naye yuko mpakani anangoja karatasi za forodha.

ADUI MKUBWA NI USINGIZI

Ukiuliza hatari ya barabarani ni nini, wengi watasema ni kona, au ukungu, au majambazi. Hatari hizo zipo. Lakini adui mkubwa anakaa ndani ya gari pamoja na dereva. Adui huyo ni usingizi.

Tufanye hesabu. Sheria yetu inaruhusu lori kubwa kwenda mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, kila sekunde 1 lori hukata mita 22. Dereva akisinzia kwa sekunde 5 tu, lori limekwenda mita 110 peke yake. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira. Na mbele ya uwanja huo huenda kuna shule, kuna ng'ombe, kuna mkokoteni wa maji.

Hesabu ya pili. Kwa sababu ya milima, foleni na vijiji, lori huweza kwenda kilomita 50 tu kwa saa kwa wastani. Gawanya 1,300 kwa 50. Jibu ni saa 26 za kushika usukani. Akiendesha saa 8 kwa siku, atafika siku ya 4. Lakini mwenye mzigo akimwambia afike siku ya 2, zile saa za kulala zitatoka wapi?

Sisi tunaolima kwa maksai tunalijua jambo hili. Maksai tunawafunga nira alfajiri. Ikifika saa 4 asubuhi, jua likiwa kali, tunawafungua. Tunawanywesha maji na kuwaacha walale kivulini. Hatufanyi hivyo kwa huruma tu. Tunajua maksai aliyechoka hupindisha mstari, hulala mtaroni, na mwisho hufa. Dereva ni binadamu. Yeye anafunguliwa nira saa ngapi?

Dawa ya usingizi ni moja, nayo ni kulala. Kahawa huchangamsha kidogo tu. Vinywaji vya kuchangamsha ni vivyo hivyo. Mirungi ni marufuku nchini, na humdanganya mtu kwamba hajachoka. Pombe ndiyo kabisa, huleta usingizi juu ya usingizi. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa 8 za usiku na saa 11 alfajiri. Wakati huo mwili hudai haki yake hata kama mtu hataki.

KWA NINI HAPUMZIKI?

Si kwamba madereva hawajui. Wengine hulipwa kwa safari. Asiyesafiri hali. Wengine wana posho ya njia ambayo ni ya siku chache tu. Wakichelewa, hujilisha wenyewe. Wengine hufanya kazi bila mkataba wa maandishi, na tajiri akikasirika kazi imekwisha.

Mwezi wa Aprili na mwezi wa Mei mwaka 2015 madereva wa Tanzania waligoma. Moja ya madai yao ilikuwa kupewa mikataba ya ajira. Dai hilo si dogo. Mtu mwenye mkataba anaweza kusema, "Tajiri, nimechoka, nitalala Manyoni." Asiye na mkataba husema, "Ndiyo, mzee," akaendelea.

Na sisi wakulima tunaongeza mzigo huo. Tunakodi lori kwa pamoja, lakini likifika hatuko tayari. Magunia hayajashonwa, mengine yako shambani. Dereva hukaa juani kutwa nzima akingoja. Jua likizama ndipo tunamaliza kupakia. Kisha tunamwambia, "Ndugu dereva, alfajiri uwe sokoni, bei isije ikashuka." Tumempokonya usingizi wa mchana na wa usiku pia.

HESABU YA LUMBESA

Liko na jambo la lumbesa. Kwa kanuni za Wakala wa Vipimo, gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tuseme lori limepakia magunia 300 ya kilo 100. Hizo ni kilo 30,000, yaani tani 30. Sasa tuseme magunia hayo ni lumbesa ya kilo 130. Hizo ni kilo 39,000, yaani tani 39. Zimeongezeka tani 9 ambazo hazionekani kwa macho.

Katika nchi za Afrika Mashariki sheria inasema lori kubwa kabisa, lenye ekseli 7, lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Tanzania ilianza kuitumia sheria hiyo mwezi wa Machi mwaka 2019. Lori tupu na tela lake huweza kuwa na tani 20. Ongeza 30, unapata 50. Lori linapita. Ongeza 39, unapata 59. Lori linakamatwa, faini inalipwa, mzigo unapunguzwa. Na kabla ya kufika mizani, tani hizo 9 zimekwisha kuchosha breki na kupasua matairi.

Lumbesa humwibia mkulima kilo 30 kwa kila gunia. Humtia dereva hatarini. Huvunja barabara iliyojengwa kwa kodi zetu. Ni hasara mara tatu.

AFYA YA DEREVA NA YA KIJIJI

Kukaa kitini kutwa huumiza mgongo. Dereva anywe maji, ale mboga na matunda, ashuke anyooshe miguu. Apime shinikizo la damu na macho.

Liko pia jambo la UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo ilionekana kwamba vituo vya malori ni mahali ugonjwa unapoweza kuenea upesi, kwa sababu watu wako mbali na nyumbani na fedha zipo. Tusiwanyooshee madereva kidole. Kila mmoja apime, atumie kinga, na mwenye virusi ameze dawa kila siku. Wazazi tuwalinde mabinti zetu wanaouza karanga na mayai kituoni. Usiku wawe nyumbani.

LORI LIKIANGUKA

Mwaka 2019, tarehe 10 Agosti, lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitali baadaye, walizidi 100. Wengi wao walikuwa vijana.

Ndugu zangu, petroli iliyomwagika si bahati. Mvuke wake hauonekani, na cheche moja tu inatosha. Lori la mafuta likianguka, kimbia mbali. Zuia watoto. Usiwashe kiberiti wala sigara. Piga simu 114 ya Zimamoto au 112 ya Polisi. Na kama ni lori la mahindi au la sukari, tumwokoe kwanza mtu. Kijiji kinachopora wakati dereva anavuja damu kimejivunjia heshima yake.

TUFANYE NINI?

1. Tukikodi lori, magunia yawe yamepimwa na kushonwa kabla halijafika. Tupakie asubuhi.

2. Wakati wa kupakia, tumpe dereva kivuli na mkeka alale. Utingo na sisi tutahesabu magunia.

3. Tusimpangie dereva saa ya kufika bila kupiga hesabu ya kilomita. Njia ikiwa ndefu, tudai madereva wawili.

4. Tukatae lumbesa.

5. Tusichunge mifugo kando ya lami jioni. Mkokoteni uwe na vipande vya kung'aa nyuma. Tusianike mtama barabarani.

6. Lori likiharibika kijijini, tumsaidie dereva kuweka alama mapema, mbele na nyuma, na tumlindie mzigo.

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Gunia linaweza kungoja hadi kesho, na bei ikishuka leo inaweza kupanda mwezi ujao. Mtu aliyelala barabarani hapandi tena. Maksai wetu tunawafungua saa 4. Basi na dereva wetu tumfungue.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kijijini kwenu hadi sokoni ni kilomita ngapi? Lori litatumia saa ngapi kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa?

2. Magunia 200 ya lumbesa ya kilo 125 yanazidi kipimo halali kwa tani ngapi?

3. Katika kijiji chenu, dereva aliyechoka anaweza kulala wapi kwa usalama?