Matunzo ya Mtoto: Hakimu Anajuaje Kipato cha Mzazi?

Ndoa ikishavunjwa, ugomvi huhamia kwenye fedha za kumlea mtoto. Mama anaomba shilingi laki tatu kwa mwezi. Baba anasema uwezo wake unaishia elfu hamsini. Hakimu hawezi kukata katikati tu akafunga jalada. Lazima kwanza ajue kila mmoja anaingiza nini.

Uingereza kazi hiyo huanza na asilimia. Kwa mzazi wa kipato cha kawaida, wakala wa serikali hukokotoa asilimia 12 ya mapato yake kabla ya kodi kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, na 19 kwa watatu au zaidi. Tanzania haina jedwali la namna hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililopunguza uwezo wa mzazi kujipatia riziki, watoto wengine wanaomtegemea, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe.

Ndiyo maana kusema "sina ajira" hakumalizi kesi. Asiye na mshahara lakini mwenye vyumba vya kupangisha ana kipato.

Mwajiriwa ndiye rahisi kumpima. Hati yake ya mshahara inaonyesha kila kitu: mshahara ghafi, kodi, mchango wa NSSF au PSSSF, pengine na deni la bodi ya mikopo. Makato ya lazima hayana ubishi mkubwa. Ubishi huja kwenye mkopo aliouchukua kwa hiari, tuseme wa kununua gari. Upande wa pili utauliza kwa nini gari litangulie ada ya mtoto.

Kwa fundi wa gereji, mwenye bodaboda au muuza mitumba, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa fedha nyingi hupita mkononi bila karatasi. Hapo hutafutwa alama zilizobaki: taarifa za benki, miamala ya simu, leseni ya biashara, makadirio ya kodi ya TRA, mikataba ya pango. Afisa ustawi wa jamii naye anaweza kutakiwa kuchunguza hali ya familia na kuiandikia mahakama ripoti.

Kanuni ya ushahidi ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Mzazi anayeomba laki tano kwa maneno matupu anajiweka pabaya. Mwenye risiti za ada, dawa na kodi ya nyumba anampa hakimu kitu cha kushika.

Na kipato cha mama je? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtwisha baba mzigo wa matunzo kulingana na uwezo wake, hata kama mtoto haishi naye. Mama huubeba baba akifariki, asipojulikana alipo au akishindwa. Sheria ya 2009, kama tulivyoona, inatazama mifuko yote miwili. Kenya imekwenda mbali zaidi: Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa wazazi wajibu sawa, wawe wameoana au la. Huko wazazi huapa kwa maandishi kuhusu mapato na matumizi yao, na sheria hutazama pia uwezo wa mtu kupata kipato. Anayeacha kazi kesi ikiwa imeanza atakuwa na maswali ya kujibu.

Kiwango kilichopangwa si cha milele. Mahakama ya Tanzania inaweza kukibadilisha ikibainika kwamba ilidanganywa, ilikosea kuhusu ukweli wa mambo, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mzazi aliyepoteza kazi asiache kulipa kimyakimya. Arudi mahakamani mapema na barua ya kuachishwa kazi mkononi, maana amri ya awali inabaki na nguvu mpaka mahakama yenyewe iibadilishe, na malimbikizo yanaweza kumfanya akamatiwe mshahara au mali.