Maziwa hayangoji: ubia wa kweli hupimwa kituoni

Asubuhi, katika kituo cha kukusanyia maziwa mkoani Tanga, hukumu hutolewa haraka. Mfugaji anateremsha keni kwenye bodaboda. Mpokeaji anazamisha laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji, kisha anachanganya kiasi kidogo cha maziwa na alkoholi na kutikisa. Yakifanya mabonge, yanakataliwa. Yakipita, yanamiminwa kwenye tangi la kupozea hadi yafikie nyuzi 4 za Sentigredi. Jasho lote la kukata majani, kulisha na kukamua linategemea dakika hizo chache.

Ubia katika kilimo na ufugaji tunausikia kila siku kwenye warsha na maonyesho ya Nanenane. Thamani yake, hata hivyo, inajulikana hapo kituoni: maziwa yakiharibika, hasara ni ya nani?

Tanga ina la kutufundisha. Katika miaka ya 1980, mradi uliofadhiliwa na Uholanzi ulianza kuwasaidia wafugaji wadogo wa mkoa huo kupata ng'ombe chotara. Utaratibu uliozoeleka ni wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, naye akizaa ndama jike unamlea na kumkabidhi kwa mwenzako anayesubiri zamu. Mwaka 1993 vyama vya msingi viliunda chama kikuu, TDCU. Baadaye katika muongo huo, kwa kushirikiana na wabia wa Kiholanzi, wafugaji wakawa na hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Aliyekuwa muuzaji tu akawa pia mmoja wa wenye mali.

Faida ya kujiunga haiishii kwenye hisa. Katika ushirika imara, mfugaji huchukua pumba na dawa kwa mkopo, deni likakatwa kwenye malipo ya maziwa mwisho wa mwezi. Akiwa peke yake na ng'ombe wawili, ni nani angemkopesha? Kiwanda nacho hakilazimiki kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta lita tano hapa, lita saba pale.

Lakini ubia huyumba msimu unapobadilika. Kiangazi majani yanakauka, maziwa yanapungua, na wachuuzi wanakuja na bei nono. Baadhi ya wanachama wanakipa chama kisogo. Masika maziwa yanafurika, wachuuzi hawaonekani, na kila mtu anakumbuka njia ya kituoni. Tusiwalaumu wafugaji peke yao. Malipo yakicheleweshwa, mwenye ada ya mtoto ya kulipa atamfuata anayetoa fedha taslimu. Mkataba unaostahili jina hilo hutaja bei ya kiangazi, bei ya masika na tarehe ya malipo, na hubana pande zote mbili.

Tatizo la kiangazi lina dawa nyingine, nayo iko mashambani. Singida na Dodoma hulima alizeti kwa wingi. Mbegu zikishakamuliwa mafuta hubaki mashudu, chakula chenye protini ambayo ng'ombe wa maziwa anaihitaji sana majani yanapokauka. Vyama vya wafugaji vikikubaliana mapema na wakamuaji wa mafuta kwamba mashudu yanunuliwe kwa pamoja wakati wa mavuno na kuhifadhiwa, mkamuaji atapata soko la uhakika, mkulima wa alizeti atapata bei bora, na ng'ombe hatakauka maziwa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, lakini bado tunaagiza maziwa ya unga kutoka nje. Hatujapungukiwa mifugo. Tumepungukiwa makubaliano yanayogawa hasara kama yanavyogawa faida. Leo umeme ukikatika usiku na tangi likapata joto, mara nyingi anayeumia ni mfugaji. Kiwanda, benki, halmashauri na chama viketi na kuandika nani analipia jenereta, nani bima ya ng'ombe, nani lita zilizoharibika. Mbia asiyekuwa tayari kuweka sahihi hapo ni mnunuzi tu, na wafugaji wana haki ya kulijua hilo mapema.